Kusomeshwa kwa Sharti: Habari ya Wosia wa John Snell

Kijana amemaliza masomo ya sekondari, wazazi wake hawana kitu, na hapo mtu mwenye mali anakuja na neno jema: nitakulipia universite miaka yote, pamoja na chakula, kitanda na vitabu. Nyumba nzima inafurahi. Kisha karatasi inaletwa, na chini yake kuna maneno mengine: lakini utasoma kazi hii, wala si nyingine, lakini ukimaliza utatumika mahali tutakapokuambia, lakini ukiliacha neno hili, utarudisha fedha zote. Ndipo baba na mama wanatazamana. Je, kijana atie sahihi?

Ulizo hili si la leo. Nataka kuwasimulia wasomaji habari ya mtu mmoja aliyekufa mwaka 1679, na ambaye wosia wake ungali unasomesha vijana hata sasa. Ni habari ya nchi ya mbali na ya watu wasio wa Kanisa letu. Lakini mzazi yeyote atatambua ndani yake mambo anayoyajua. Tena inatugusa sisi Wakatoliki kwa upande wake, kwa maana Kanisa nalo limesomesha vijana kwa sharti tangu karne nyingi.

John Snell alizaliwa karibu mwaka 1629 katika jimbo la Ayrshire, kusini-magharibi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mfua chuma. Alisoma kwa muda katika universite ya Glasgow, kisha vita vikamchukua, kwani siku zile mfalme na bunge walikuwa wakipigana, naye akashika upande wa mfalme. Mwaka 1651 jeshi la mfalme lilivunjwa kabisa huko Worcester. Snell aliponyoka, akabaki Uingereza, akaingia kazi ya ukarani kwa mwanasheria mmoja, Orlando Bridgeman. Mwaka 1660 mfalme alirudi katika kiti chake, na Bridgeman akapandishwa cheo, akawa miongoni mwa mahakimu wakubwa wa nchi. Karani akapanda pamoja na bwana wake. Basi mwana wa mfua chuma alijipatia mali, akanunua shamba kubwa la Ufton katika Warwickshire.

Mtu wa namna hii hawezi kusahau alikotoka. Mwezi wa Desemba mwaka 1677 aliandika wosia wake, akaagiza kwamba mapato ya shamba lile yawatunze vijana wa Uskoti waliokwisha kusoma Glasgow, wapate kuendelea na masomo yao katika universite ya Oxford. Hapo kila mtu atamsifu. Alikuwa amekula jasho lake mwenyewe, naye aliwakumbuka watoto wa kwao.

Lakini Snell alikuwa na nia ya pili. Alitaka Uskoti iwe na kanisa lenye maaskofu, kwa mfano wa kanisa la Kiingereza. Na wakati ule Waskoti walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya neno hilo. Wengi walitaka kanisa la wazee wa Kipresbiteri, lisilo na askofu hata mmoja. Kwa hiyo Snell aliweka masharti. Kijana atakayekula fedha zake ajifunge kuwa mchungaji wa kanisa la Kiingereza. Tena asikubali kazi ya kanisa katika Uingereza wala Wales, bali arudi Uskoti. Na ili asidanganye, atoe hati ya dhamana ya pauni 500.

Tuzipime pauni hizo. Baadaye fedha aliyopewa kila kijana ilikuwa pauni 40 kwa mwaka. Maana yake, mwenye kuvunja neno angedaiwa fedha ya miaka 12 na nusu, hata kama yeye alikaa Oxford miaka minne tu. Wana wa watu wa kawaida wasingeweza kuipata maishani mwao. Aliyeandika wosia alijua sheria, na kamba yake aliifunga kwa mikono miwili.

Snell akafa mwaka 1679. Huko nyuma mambo yakageuka. Mwaka 1688 mfalme James wa Pili alifukuzwa. Mwaka uliofuata maaskofu waliondolewa katika kanisa la Uskoti. Na mwaka 1690 sheria ya nchi ilithibitisha kwamba kanisa la Uskoti ni la Kipresbiteri. Wale waliobaki upande wa maaskofu wakawa kundi dogo, lenye kusumbuliwa na wakubwa wa nchi. Ndipo, mwaka 1699, vijana wa kwanza wa Snell walipofika katika kolegi ya Balliol, huko Oxford. Tazama hali yao: wosia uliwataka warudi kulisha kundi ambalo lilikuwa limekwisha kuwafukuza wachungaji wa namna hiyo. Mwenye kuweka sharti alikuwa kaburini, wala hakuna aliyeweza kumwuliza: Mzee, sasa tufanyeje?

Jambo hili lafaa kuangaliwa vema. Watu wakisoma karatasi ya msaada wanatazama sharti lenyewe, kama ni zito au jepesi. Ni wachache wanaouliza: nchi ikigeuka, kazi ile ikikosekana, mfadhili akifa, nani ana mamlaka ya kulilegeza? Katika wosia wa Snell ulizo hili lilileta ubishi wa miaka mingi.

Sasa twende kwa kijana mmoja ambaye jina lake wasomaji wengi wamelisikia. Adam Smith alizaliwa mwaka 1723 huko Kirkcaldy, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Baba yake, mkubwa wa ushuru wa bandari, alikufa miezi michache kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Margaret Douglas, alimlea peke yake. Mwaka 1737, akiwa na miaka 14, aliingia universite ya Glasgow (wakati ule walianza wangali watoto), akamkuta huko mwalimu hodari, Francis Hutcheson. Huyu alikuwa ameacha desturi ya kufundisha kwa Kilatini, akifundisha kwa lugha ambayo wanafunzi waliisema nyumbani. Wanafunzi walimpenda sana.

Mwaka 1740 wakubwa wa Glasgow walimchagua Smith apate fedha za Snell. Alikuwa na miaka 17. Mwezi wa Juni alipanda farasi, akasafiri mpaka Oxford. Je, alikuwa na wito wa uchungaji? Jamaa zake walitumaini hivyo. Yeye mwenyewe, mtoto wa mjane, mwenye akili, mwenye kiu ya vitabu, aliambiwa: mlango huu umefunguka. Nani kati yetu angeupiga teke?

Tena kulikuwa na neno jingine mlangoni. Kila aliyeandikishwa Oxford alitakiwa kutia sahihi chini ya maneno 39 ya imani ya kanisa la Kiingereza. Kwa sababu hiyo Mkatoliki hakuweza kuingia, na ilikuwa vivyo hivyo hata karne ya 19. Kijana aliyelelewa katika nchi ya Wapresbiteri alitakiwa atie sahihi imani ya kanisa jingine siku ile ile anapopewa kitanda.

Na baada ya haya yote, alipata masomo gani? Mwezi wa Agosti mwaka 1740 aliandika barua kwa ndugu aliyemsimamia, akimweleza kwamba malipo ya kuingia ni makubwa kupita kiasi, na kwamba mtu akiugua kwa kusoma mno huko, kosa ni lake mwenyewe, kwa maana kazi yao ni kwenda kusali mara mbili kwa siku na kusikiliza mafundisho mara mbili kwa juma. Walimu wa Oxford walilishwa na mali za zamani za universite. Wafundishe wasifundishe, mshahara ulikuja. Smith alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Waskoti pia hawakupendwa katika Balliol. Walipeleka mashtaka yao Glasgow, na mkuu wa kolegi, Theophilus Leigh, akajibu kwamba ikiwa vijana hawa hawapendi nyumba yake, heri wahamishiwe nyingine. Nao wasingeweza kuhama wenyewe, kwa kuwa fedha zilikuwa zimefungwa na Balliol. Hilo nalo ni sharti, ingawa kijana halioni siku ya kutia sahihi.

Ilipofika mwaka 1744, wakubwa wa Oxford waliona kwamba vijana wa Snell wanakula fedha bila kuingia katika uchungaji. Wakapeleka neno mbele ya tribinali kubwa ya London iitwayo Chancery, wakiomba vijana hao walazimishwe kushika imani na taratibu za kanisa la Kiingereza na kupokea daraja wakiisha kufikia umri. Tribinali ikakataa kujiingiza. Tangu hapo kijana wa Snell alikuwa huru kuchagua dini yake, kazi yake na nchi yake.

Mwezi wa Agosti mwaka 1746 Smith aliondoka Oxford, akarudi kwa mama yake Kirkcaldy. Hakupokea daraja. Mwandishi wa maisha yake, Dugald Stewart, aliyemfahamu, anasema kwamba kazi ya kanisa haikupatana na moyo wake, naye akafuata moyo huo kuliko matakwa ya jamaa zake. Hakuwa na kazi ya kungojea. Jina lake lilibaki katika daftari ya Snell mpaka mwaka 1749, ndipo alipojiuzulu rasmi. Mwaka 1751 Glasgow ikamwita kuwa mwalimu. Hakulipa pauni 500.

Je, alifanya haki? Wako watakaosema: alikula mali ya marehemu na kuacha kutenda matakwa yake, basi ni mdeni. Neno hili lina uzito. Snell hakutoa mali yake ili kulea waandishi wa uchumi. Mtu akikupa mbegu za mahindi upande shamba lake, nawe ukapanda lako, hatakusifu hata mavuno yakiwa mazuri. Na ile miaka mitatu, kuanzia kuondoka mpaka kujiuzulu, inanisumbua kidogo, kwa maana moyo wake ulikuwa umekwisha kukata shauri kabla ya 1749.

Lakini fikiri upande wa pili. Kama Smith angetimiza sharti, angefanya nini? Angepiga magoti mbele ya askofu, na kusema kwamba ameitwa, bila kuitwa. Angeahidi kulisha roho za watu kwa sababu anaogopa deni. Hapo angekuwa amemlipa Snell kwa kusema uwongo mbele ya Mungu. Nadhani kijana alichagua kosa lililo dogo, ikiwa ni kosa. Ubaya ulianza nyuma yake: aliyeandika wosia alitaka kununua kitu kisichouzwa, yaani wito, tena wito wa mtoto asiyejua bado atakuwa mtu gani.

Kuna jambo moja linaloonyesha yaliyotokea katika mioyo ya watu wa siku zile. Smith alipokuwa mwalimu wa Glasgow, mwaka 1751, ilimpasa atie sahihi tena: mara hii chini ya imani ya Wapresbiteri. Basi mtu mmoja, kalamu moja: kusini imani ya maaskofu ili apate kusoma, kaskazini imani isiyotaka maaskofu ili apate kufundisha. Simhukumu. Lakini kila mlango wa chakula ukiwa na karatasi ya imani, watu wanazoea kutia sahihi kama wanavyopangusa viatu kizingitini.

Tuiache Balliol kidogo, turudi nyuma miaka 160, twende Roma. Huko nako walikuwako vijana kutoka kisiwa kile kile, nao walisomeshwa kwa sharti lile lile: upewe daraja, urudi kwenu.

Malkia Elizabeth alikuwa ameipiga marufuku Misa katika Uingereza, na Wakatoliki wengi walikuwa wamekimbilia ng'ambo. Roma kulikuwa na nyumba ya zamani ya kuwapokea mahujaji wa Kiingereza. Papa Gregori XIII akaigeuza kuwa kolegi ya kulea mapadri. Mwanzo wake haukuwa wa amani. Mkuu wa nyumba alikuwa mtu wa Wales, na Waingereza walinung'unika kwamba anawapendelea watu wa kwao. Tena walikuwa na neno kubwa kuliko hilo: walitaka nyumba iwe ya kuwatuma watu Uingereza sasa hivi, siyo ya kuwatunza mpaka siku njema zije. Ugomvi ukafika mpaka kwa Papa. Mwisho nyumba ikatiwa mikononi mwa Wayezuiti.

Tarehe 23 Aprili 1579 wanafunzi waliulizwa mmoja mmoja kama wako tayari kwenda Uingereza watakapotumwa na wakubwa wao, nao wakaapa. Mmoja wao alikuwa Ralph Sherwin, mtu aliyekaribia miaka 30, aliyekuwa amesoma Oxford na kupata nafasi nzuri huko kabla ya kuiacha kwa ajili ya imani. Alikuwa amekwisha kupewa upadri. Alijibu kwamba yuko tayari, tena leo kuliko kesho. Aliondoka Roma mwezi wa Aprili mwaka 1580. Mwezi wa Novemba alikamatwa London akihubiri. Aliteswa katika ngome ya Tower. Na tarehe 1 Desemba 1581 aliuawa Tyburn pamoja na Edmund Campion na Alexander Briant. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1970. Mpaka mwaka 1679, ndio mwaka ule ule aliokufa Snell kitandani, zaidi ya wanafunzi 40 wa kolegi ile walikuwa wameuawa kwa ajili ya imani.

Sharti lilikuwa moja. Kwa nini huku lilizaa mashahidi wa imani, na kule likazaa kesi za tribinali? Mtu atajibu upesi kwamba imani ndiyo ilikuwa tofauti, na hatutakana. Lakini ziko pia sababu ambazo hata mtu wa dunia anaweza kuziona. Sherwin hakuwa mtoto. Alijua barabara alichoahidi, kwani habari za mapadri waliouawa zilikuwa zimekwisha kufika Roma. Aliulizwa kwa sauti, akajibu kwa sauti yake. Na hakuna aliyemshikia deni la pauni shingoni. Kama angeogopa, angepoteza kitanda na chakula, basi. Sisemi kila kijana aliyepita nyumba ile alikuwa na moyo wa Sherwin. Wako walioanza na wasifike mwisho, ndivyo ilivyo katika kila nyumba ya malezi.

Kanisa lilijua kwamba haitakuwa vingine. Mtaguso wa Trento, mwezi wa Julai 1563, ulipoagiza kila jimbo liwe na seminari, ulitaka wachaguliwe kwanza watoto wa maskini, wenye miaka 12 au zaidi, ambao tabia na nia yao inatia tumaini kwamba watamtumikia Mungu daima. Zingatia neno hilo, tumaini. Wenye mali wasifukuzwe, mradi wajilipie chakula. Basi hapo ni msaada wa masomo mkubwa kuliko wowote uliopata kuwekwa duniani, nao una sharti. Lakini Kanisa lenyewe limejifunga mikono: kanuni ya 971 katika sheria ya mwaka 1917, na ya 1026 katika sheria ya mwaka 1983, zinasema ni dhambi kumlazimisha mtu, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote, apokee daraja. Kwa hiyo askofu amlishe kijana miaka kumi, na mwaka wa kumi na moja kijana akisema hapana, hana ruhusa kumsukuma mbele kwa kumwonyesha hesabu za chakula.

Sisi wa Kongo tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji universite haikuwako hapa mpaka Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi kijana mweusi aliyetaka filosofia na Kilatini alikuwa na mlango mmoja, nao ni seminari. Joseph Kasa-Vubu alisoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha filosofia katika seminari kuu ya Kabwe, huko Kasai. Hakufika upadri. Akawa mwalimu, akawa karani, na mwaka 1960 akawa Rais wa kwanza wa nchi. Walioandaa meza ile hawakumwandalia kiti hicho. Na wako wengine kama yeye katika parokia zetu, walimu, makarani, waganga, ambao Kilatini chao kinasikika bado wanapoimba kanisani. Sijui mtu mwenye akili atakayesema chakula kile kilipotea bure.

Adam Smith mwenyewe hakusahau aliyoyaona. Mwaka 1776 alitoa kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa, na ndani yake anagusa misaada ya masomo mara mbili. Mahali pamoja anasema kwamba wafadhili wa kale, kwa kuweka fedha nyingi za kuwasomesha watu wa kanisa, waliwavuta katika kazi hiyo watu wengi kuliko ambao wangeifuata wenyewe. Wakajaa, na mshahara wa wachungaji wadogo ukabaki duni. Mahali pengine anasema juu ya fedha zinazomfunga kijana na kolegi fulani, iwe njema au mbaya: walimu wakijua kwamba wanafunzi hawawezi kuondoka, kwa nini wajisumbue? Maneno hayo si ya mtu aliyesikia habari tu. Alikaa mle miaka sita.

Sasa turudi kwa baba na mama wenye karatasi mezani. Sitawaambia kwamba msaada wenye sharti ni mbaya. Smith bila Snell pengine angebaki Kirkcaldy akihesabu magunia ya ushuru kama baba yake. Hata Oxford ile mvivu ilikuwa na vitabu. Na sharti la kazi ni jambo la haki: mtu akisema, nitakusomesha udaktari, nawe utumike katika hospitali yangu miaka mitano, hiyo ni biashara safi. Miaka inahesabika, kazi inajulikana, na mwenye kushindwa anaweza kurudisha fedha pole pole bila kuinama mbele ya mtu yeyote. Ninachoogopa ni deni kubwa kuliko chakula kilicholiwa, kama zile pauni 500. Mfadhili wa namna hiyo hatafuti kurudishiwa mali yake; anatafuta mtu asiyeweza kuondoka. Mtu wa shauri njema akisome kifungu hicho polepole, tena mara mbili, kabla kijana hajaishika kalamu.

Na sharti likigusa moyo, yaani dini, ndoa, wito, chama cha siasa, basi kijana aulizwe peke yake, bila baba, bila mama, bila mfadhili. Wazazi wetu wana haki ya kushauri. Lakini nimeona nyumbani kwa watu jinsi mtoto anavyoitika ndiyo kwa sababu wajomba watatu wamekaa barazani na mbuzi amekwisha kuchinjwa. Ndiyo ya namna hiyo ni ya wajomba. Atakayeitimiza miaka kumi baadaye ni yeye, na wajomba hawatakuwapo.

Kama ni jambo la kumpa moyo mwenye kusita, mwangalieni pia Archibald Campbell Tait. Huyu alizaliwa Edinburgh mwaka 1811 kwa wazazi Wapresbiteri, akasoma Glasgow, na mwaka 1830 akaenda Balliol kwa fedha za Snell. Yeye alipokea daraja kweli katika kanisa la Kiingereza, kama marehemu alivyotaka. Lakini hakurudi Uskoti. Mwaka 1868 akawa askofu mkuu wa Canterbury, Mskoti wa kwanza kukikalia kiti hicho, katika nchi ile ile ambamo Snell alikataza vijana wake wasipokee hata parokia ya kijiji. Kwa hiyo Smith alirudi kwao bila daraja, na Tait alipata daraja asirudi. Kila mmoja alitimiza nusu yake. Siku hizi vijana wa Glasgow wangali wanakwenda Balliol kwa mapato ya wosia ule, wala hakuna anayewadai uchungaji.

Mwezi wa Novemba mwaka 1787 Smith alikuwa mzee wa miaka 64, mgonjwa mara kwa mara, naye universite ya Glasgow ikamchagua kuwa Rector wake. Aliandika barua fupi ya kushukuru. Anasema kwamba hakuna mtu mwenye deni kubwa kwa nyumba yoyote kuliko deni lake kwa Glasgow: walimfundisha, wakamtuma Oxford, na aliporudi wakampokea awe mmoja wao. Oxford anaitaja kama mahali alipotumwa tu. Mwalimu anayemkumbuka kwa sifa katika barua ile ni Hutcheson, aliyemfundisha kabla hajapewa pauni hata moja ya Snell.